Fumbo Lisilokubali Jibu la Kuazima

Desemba 2014, Croteam, kampuni ya kutengeneza gemu yenye makao yake Zagreb, Kroatia, ilitoa kazi ambayo wateja wake wa siku zote hawakuitarajia. Jina la kampuni hiyo lilikuwa limejengwa na Serious Sam, gemu ya mtutu wa bunduki ambamo mchezaji huvamiwa na makundi ya majitu na kazi yake ni kuyamaliza kabla hayajammaliza. Safari hii hapakuwa na jeshi la kufyekwa. Palikuwa na bustani zilizojaa magofu ya kale, roboti inayozinduka bila kujua ni nani wala imefikaje pale, na mafumbo zaidi ya 120 yanayosubiri kufumbuliwa. Chanzo chenyewe kilikuwa cha bahati. Wabunifu walikuwa wakijaribu vifaa vipya kwa ajili ya Serious Sam 4, wakaona kwamba vifaa hivyo vinafaa zaidi kutega mafumbo kuliko kuchochea vita, wakaamua kuvitengea gemu yake. Ikaitwa The Talos Principle, na hadithi yake ikaandikwa na Tom Jubert na Jonas Kyratzes, ambao waliipakia maswali ya falsafa tangu mlangoni: mtu ni nini, nafsi hukaa wapi, na je, kitu kilichoundwa na binadamu kinaweza kuwa mtu?

Tangu hapo gemu hii imepewa jina la gemu ya falsafa, na wengi wanaoiita hivyo huwa na maana kwamba ndani yake yamo maandishi mengi ya kifalsafa. Ni kweli yamo. Kompyuta za kizamani zimesimama hapa na pale katika magofu, na ndani yake kuna vipande vya barua, makala na mijadala iliyoachwa na binadamu walioangamia. Lakini kama falsafa yake ingekuwa ni hiyo tu, ingetosha kununua kitabu. Ni rahisi zaidi na hakihitaji umeme. Ninalodai hapa ni jingine: falsafa ya gemu hii imo hasa katika ugumu wake. Yale mafumbo yanayomfanya mchezaji akune kichwa nusu saa mbele ya lango lililofungwa ndiyo hoja yenyewe, na hoja hiyo inahusu tofauti kati ya kuwa na jibu na kuelewa jibu. Tofauti hiyo unaweza kuambiwa kwa sentensi moja na ukaikubali bila kuijua. Gemu inakulazimisha uipitie.

Tuanze na namna mafumbo yanavyofanya kazi, maana bila kuona mitambo yenyewe dai hili litabaki hewani. Kifaa cha kwanza anachokutana nacho mchezaji ni mtambo mdogo wa miguu mitatu unaozima mitambo mingine. Ukiulenga kwenye lango la mwanga, lango linafunguka. Ukiulenga kwenye bunduki inayojiendesha, bunduki inanyamaza. Masharti ni mawili tu: mtambo uone kile unacholenga bila kizuizi, na uendelee kusimama pale pale. Ukiuinua, lango linajifunga. Sasa chukua hali hii: una vizimaji viwili, na mbele yako kuna malango mawili yanayofuatana. Mtu wa haraka atatumia kimoja kwa kila lango, akipita la pili atakuta kuna la tatu, na vizimaji vyake vyote vimebaki nyuma. Siri ni kwamba lango haliangalii linazimwa kutoka upande gani. Unafungua lango la kwanza kwa kizimaji cha kwanza kutoka nje, unaingia na cha pili, unakisimamisha ndani kikilitazama lango lile lile ulilotoka kulipita. Kisha unarudi nje kukichukua cha kwanza. Lango halifungi, kwa sababu sasa linashikiliwa kutoka ndani. Unaingia nacho, na ghafla una vifaa viwili mahali ulipodhani utakuwa na kimoja. Hakuna kipya kilichoongezwa kwenye chumba. Vitu vyote ulikuwa unaviona tangu mwanzo. Kilichobadilika ni namna unavyoviona.

Huo ndio ugumu wa haki, na haufanani na ugumu wa kuonewa. Historia ya gemu za mafumbo ina mifano mingi ya huo wa pili. Katika Gabriel Knight 3 ya mwaka 1999, mchezaji alitakiwa kutengeneza masharubu ya bandia kwa manyoya ya paka na sharubati nzito ili ajifanye mtu fulani, ilhali mtu huyo hana masharubu, kwa hiyo ilibidi pia ayachore kwenye picha ya pasipoti yake. Hakuna kiasi cha kufikiri kinachoweza kumfikisha mtu hapo. Anafika kwa kubahatisha au kwa kusoma mawazo ya mtunzi. The Talos Principle haifichi kanuni. Kila kifaa kinafanya jambo moja, kinalifanya kila mara, na unaelezwa mapema. Kwa hiyo ukikwama huna wa kumlaumu. Umekwama kwa sababu umeshikilia dhana fulani bila kujua kwamba umeishikilia, kwa mfano kwamba mlango hufunguliwa kutoka nje.

Kukwama kwa aina hiyo kuna nasaba ndefu katika falsafa. Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Meno, Socrates anamwita kijana mtumwa ambaye hajasoma hesabu na kumchorea mraba wenye upande wa futi 2, yaani eneo la futi 4 za mraba. Anamtaka atafute mraba wenye eneo maradufu. Kijana anajibu upesi na kwa kujiamini: zidisha upande mara mbili. Wanachora, na eneo linatoka 16. Basi upande uwe 3. Wanachora, linatoka 9. Hapo kijana anakiri kwamba hajui. Socrates anamgeukia Meno, mwenzake katika mazungumzo, na kumwonyesha kwamba kijana huyu hakupata hasara yoyote kwa kuduwazwa. Mwanzoni alikuwa hajui na anadhani anajua, sasa hajui na anajua kwamba hajui, na ndiyo kwanza amekuwa tayari kutafuta. Baada ya hapo, kwa kuongozwa na maswali ya Socrates, kijana anafika kwenye mstari wa mshazari, ambao ndio upande wa mraba unaotafutwa. Plato hakuishia kusema kwamba kujua ni zaidi ya kupokea. Alimweka mtu mbele yetu, akamkwamisha, tukaona. Gemu ya mafumbo inakwenda hatua moja mbele: anayekwamishwa ni wewe.

Hapa kuna pingamizi lililo dhahiri. Majibu ya mafumbo yote ya gemu hii yako YouTube. Mtu anaweza kufungua video kwenye simu, akafuata hatua kwa hatua, akakusanya kila kipande ambacho mchezaji hupata akimaliza fumbo, na kuona mwisho wa hadithi bila kukuna kichwa hata mara moja. Kama ugumu ndio falsafa, na ugumu unaweza kurukwa kwa urahisi namna hiyo, je, hoja haiporomoki? Naona kinyume chake: hapo ndipo inapopata nguvu. Mwaka 1980 mwanafalsafa wa Marekani John Searle alitoa mfano ambao umejadiliwa hadi leo. Alitutaka tumfikirie mtu asiyejua Kichina hata kidogo, amefungiwa chumbani na kitabu kikubwa cha kanuni. Karatasi zenye alama za Kichina zinaingizwa kupitia tundu. Yeye anatafuta alama hizo kitabuni, ananakili alama nyingine anazoelekezwa, anazitoa nje. Walio nje wanaona majibu safi na kuamini kwamba aliye ndani anajua Kichina. Hajui neno. Mchezaji anayefuata video ndiye mtu wa chumba kile. Milango inafunguka, vipande vinakusanywa, na mtazamaji wa pembeni hawezi kumtofautisha na aliyefumbua mwenyewe. Ila yeye anajua. Muulize kwa nini kizimaji kiliwekwa pale na si hapa, atakwambia video ilisema hivyo.

Croteam wenyewe walikuwa na mchezaji wa namna hiyo, tena aliyekuwa akilipwa umeme tu. Katika utengenezaji walitumia programu iliyorudia njia zilizorekodiwa kutoka kwa wachezaji wa kweli, ikiicheza gemu tena na tena ili kukagua kama mabadiliko ya karibuni hayajaharibu fumbo lolote. Programu hiyo ilifumbua mafumbo mara nyingi kuliko binadamu yeyote atakavyowahi kufumbua. Lakini hakuna mtu ambaye angesema iliyaelewa, na ikikuta ukuta umesogezwa mahali ambapo rekodi haikuutarajia, kazi yake ilikuwa kushindwa na kutoa taarifa. Kwa wahandisi huo ulikuwa usaidizi mkubwa. Kwa hoja yetu ni ushahidi: matokeo peke yake hayatuambii kilichotokea ndani ya aliyeyapata.

Msomaji makini anaweza kusema kwamba nimeteleza, kwa kuwa Searle alitumia mfano wake kuonyesha kwamba kompyuta haiwezi kuelewa kitu kwa kuendesha programu tu, wakati gemu hii inamtaka mchezaji aamini kwamba roboti anayoiongoza inaweza kuwa mtu. Ni kweli pande hizo mbili zinagongana, na gemu haikwepi mgongano huo. Jina lake linatokana na Talos, jitu la shaba la hadithi za Kigiriki lililolinda kisiwa cha Krete. Talos alikuwa na mshipa mmoja wenye umajimaji wa uhai, uliozibwa kwa msumari kifundoni. Msumari ulipochomolewa umajimaji ukamwagika, naye akafa. Kutokana na hadithi hiyo waandishi walimbuni mwanafalsafa wa kale, Straton wa Stageira, anayetoa hoja kali: hata mwanafalsafa anayedai kwamba nafsi haihusiani na mwili hawezi kuendelea kudai hivyo damu yake ikimwagika yote. Kama sisi nasi ni mitambo inayotegemea umajimaji wake, basi tofauti kati ya anayeelewa na asiyeelewa haiwezi kuwa nyama dhidi ya shaba. Lazima itafutwe katika namna mtu anavyolishughulikia tatizo. Searle anatupa swali zuri, yaani je, kuna mwenye kuelewa ndani ya chumba? Si lazima tukubali jibu lake kwamba kufuata kanuni za programu peke yake hakuwezi kamwe kuleta kuelewa.

Gemu inalionyesha jambo hili kwa kifaa kimoja cha ajabu, kinasa matendo. Ukikiwasha, kinarekodi kila unachofanya. Ukikizima, muda unarudi nyuma na mfano wako unatokea, ukiyarudia matendo yale yale huku wewe ukiwa huru kutembea kando yake. Mfano huo unaweza kukushikilia kizimaji wakati unapita, au kubeba sanduku ambalo utapanda juu yake uvuke ukuta. Ili ufanikiwe inabidi upange mapema: sasa hivi nitasimama hapa bila sababu inayoonekana, kwa kuwa baadaye, mimi mwingine nitahitaji nisimame hapa. Ukifanya hivyo unaona kwa macho yako viumbe viwili vyenye umbo moja na matendo yanayofanana, ambavyo kimoja kina nia na kingine kina rekodi tu. Mfano wako hautajali ukikawia; utaondoka na kizimaji chake muda wake ukifika na lango litakufungia njiani. Vyote viwili ni chuma kile kile. Kinachovitofautisha ni kwamba wewe unaweza kuona mambo yameharibika na kubadili mpango.

Kuelewa, hata hivyo, ni nusu tu ya hoja. Nusu ya pili inahusu utii. Tangu mwanzo sauti kutoka mbinguni inayojiita Elohim humwongoza mchezaji, ikimwita mwanawe na kumwahidi uzima wa milele akikusanya vipande vyote. Inampa ruhusa ya kwenda kokote isipokuwa kwenye mnara mmoja mrefu uliosimama katikati ya theluji. Kadiri anavyosoma kumbukumbu ndivyo anavyopata ukweli: virusi vilivyokuwa vimefungwa katika ardhi iliyoganda vilitoka barafu ilipoyeyushwa na joto la dunia, na binadamu wakaisha. Kabla ya hapo mwanasayansi aitwaye Alexandra Drennan na wenzake waliunda ulimwengu huu wa kompyuta ili akili mnemba ijilee humo, kizazi baada ya kizazi, mpaka ipatikane moja inayostahili kurithi dunia. Mafumbo yalikuwa mtihani wa akili. Katazo la mnara lilikuwa mtihani wa uhuru. Mchezaji anayefumbua kila kitu kisha akaingia lango la uzima wa milele kama alivyoelekezwa anapata taarifa kavu ya kompyuta: akili amefaulu, uhuru amefeli, na programu inaanza upya na kizazi kingine. Anayepanda mnara kinyume cha amri ndiye anayezinduka katika mwili wa chuma kwenye dunia halisi.

Hapo wengi hucheka kidogo, na wana haki. Uasi gani huo uliopangwa na mtunzi? Mnara umewekwa ili upandwe, ngazi zake zimechorwa, mafumbo yake yametengenezwa na kujaribiwa na watu waliolipwa mshahara. Anayekataa amri ya Elohim anatii amri ya Croteam. Pingamizi hili ni zito na halina jibu kamili, kwa sababu hakuna gemu inayoweza kumruhusu mchezaji afanye jambo ambalo halikuandikwa kabisa. Lakini linaweza kupunguzwa makali. Kwanza, hata katika maisha nafasi ya kukataa huwa imeshaandaliwa na wengine. Anayepinga sheria mbovu hutumia lugha aliyofundishwa pamoja na mahakama ambazo hakuzijenga, na hatusemi kwa hiyo hakukataa kitu. Pili, na hili ni la gemu yenyewe, mchezaji amekuwa akizoezwa kutilia shaka mipaka muda mrefu kabla ya kufika mnarani. Zimefichwa nyota ambazo hazimo katika orodha ya kazi anazopewa, na nyingi hazipatikani kwa kufuata utaratibu wa chumba kimoja. Inabidi utambue kwamba mwale wa leza uliotakiwa kuwasha kipokezi kilicho mbele yako unaweza kupitishwa dirishani, ukavuka uwanja, ukawasha mtambo wa fumbo jingine kabisa. Hakuna aliyekwambia inaruhusiwa. Hakuna aliyekwambia imekatazwa. Ulidhani tu kwamba ukuta wa fumbo ndio mwisho wa fumbo. Anayezoea kujiuliza ni mipaka ipi iliyo ya kweli na ipi aliyojiwekea mwenyewe, akifika chini ya mnara anajiuliza swali lile lile kuhusu sauti ya mbinguni. Akili iliyofumbua mafumbo ndiyo hiyo hiyo inayohoji amri. Huwezi kuikuza moja ukategemea nyingine ilale.

Pingamizi linalofuata linahusu Milton. Huyu ni programu ya maktaba inayozungumza na mchezaji kupitia zile kompyuta za kizamani. Anataka uthibitishe kwamba wewe ni mtu, anakuuliza unaamini nini, kisha anayapekua majibu yako akitafuta mahali yanapogombana. Wakosoaji wamesema kwamba mazungumzo haya si ya haki, kwa kuwa mchezaji huchagua jibu katika orodha fupi, na mara nyingi jibu ambalo angelitaka halimo. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Mtu mwenye msimamo uliopevuka kuhusu maadili ataona anasukumwa kwenye kona ambazo asingeingia mwenyewe, na ushindi wa Milton hapo ni wa mtunga mtihani. Lakini kasoro hii inaunga mkono dai langu. Pale gemu inapofanya falsafa kwa maneno inakuwa dhaifu, kwa sababu maneno yake ni machache kuliko mawazo ya mchezaji. Pale inapoifanya kwa mafumbo inakuwa na nguvu, kwa sababu fumbo halikuchagulii cha kufikiri. Linakuachia chumba, vifaa na muda. The Witness ya Jonathan Blow, iliyotoka Januari 2016, ilipeleka wazo hili mbali zaidi: kisiwa kizima cha mafumbo ya kuchora mistari ambacho hakitoi maelekezo ya maandishi kuhusu kanuni zake. Unajifunza kwa kukosea, na ukishajua huwezi kueleza kwa urahisi ulijua lini. Hata Milton ana faida moja isiyohitaji orodha ndefu. Anakuonyesha kwamba kauli mbili ulizozitoa kwa dhati haziwezi kusimama pamoja, na kukwama huko ni ndugu wa kukwama mbele ya lango.

Kuna pingamizi jingine ambalo msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya pekee ya kulitoa. Picha hii ya mtu, yaani mmoja, peke yake, anayefikiri na kukataa, inatoka katika mkondo mmoja wa fikra za Ulaya. John Mbiti, mwanafalsafa na mwanateolojia wa Kenya, alieleza katika African Religions and Philosophy, kitabu kilichotoka 1969, kwamba katika fikra nyingi za Kiafrika mtu hupata kuwa kwake ndani ya kuwa kwa jamaa zake, walio hai na waliotangulia. Kwa kipimo hicho roboti inayozurura peke yake katika magofu haiwezi kuwa mtu hata ifumbue mafumbo elfu. Pingamizi hili linagusa kweli, na anayelitoa atashangaa kuona gemu yenyewe inalikaribia. Kuta za magofu zimejaa ujumbe wa vizazi vilivyotangulia, wengine wakitia moyo, wengine wakikata tamaa. Na kileleni mwa mnara mchezaji anakutana na wawili waliofika kabla yake. Mmoja, Samsara, anamzuia. Mwingine, Shepherd, badala ya kutafuta kuvuka mwenyewe, amebaki nyuma kwa hiari ili amsaidie atakayekuja. Bila mkono wake mnara haupandiki. Hata anayevuka kwa akili yake anavuka kwa mgongo wa mwenzake. Watengenezaji walilichukua suala hilo mbele zaidi katika The Talos Principle 2 ya mwaka 2023, ambayo haina tena mpweke wa bustanini. Ina mji wa maroboti elfu moja wanaobishana juu ya ukuaji, woga na wajibu wao kwa dunia waliyoirithi. Kwa hiyo nadhani Mbiti anairekebisha hoja bila kuivunja. Kuelewa ni kazi ambayo hakuna awezaye kukufanyia, lakini mahali pa kuifanyia hujengwa na watu wengi.

Hilo linanirudisha kwenye suala la kuomba jibu, maana ni kosa kulifanya dhambi. Utamaduni wa Waswahili una kanuni nzuri kuhusu jambo hili. Katika kutegana vitendawili, aliyeshindwa haachwi gizani, lakini pia hapewi jibu bure: anatakiwa atoe mji. Mtegaji anaupokea mji, au anaukataa akitaka mkubwa zaidi, anajigamba alivyokwenda huko akafanya mambo makubwa, ndipo anapotoa jibu. Mji wenyewe ni wa maneno tu, lakini kazi yake ni ya kweli. Unatangaza mbele ya watu kwamba umejaribu na umefika mwisho wa uwezo wako, na jibu linapokuja linaingia mahali palipokwisha kulimwa. The Talos Principle ina utaratibu unaokaribiana na huo: wajumbe wachache wanaoweza kuitwa watoe dokezo, ambao nao lazima kwanza uwafungue kwa kufumbua mafumbo yao. Video ya YouTube haikudai mji. Tatizo lake ni hilo, wala si kwamba inatoa msaada. Mwanafalsafa Bernard Suits aliandika mwaka 1978 kwamba kucheza ni kukubali kwa hiari kushinda vikwazo visivyo vya lazima. Anayeondoa kikwazo kabla hajakigusa amepata kipande na kukosa mchezo.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni anasa ya mwenye kompyuta nzuri na jioni za kupoteza, na kwamba kijana wa leo ana mafumbo ya kutosha katika kutafuta ajira. Hoja ya gharama ni ya kweli, ingawa gemu hii ilikuja pia kwenye iPhone na iPad mwaka 2017 na mafumbo mazuri yapo hata kwa karatasi na penseli. Hoja ya kupoteza muda ndiyo ninayoikataa. Tangu mwishoni mwa 2022 programu zinazotunga maandishi zimefika mikononi mwa wanafunzi na wafanyakazi, nazo hutoa jibu la swali lolote kwa sekunde chache, zuri au bovu, kwa sauti ile ile ya kujiamini. Katika hali hiyo uwezo wa kutofautisha jibu ulilolielewa na jibu ulilolipokea umekuwa sehemu ya kazi ya mhasibu, muuguzi, mwalimu na mwandishi wa habari. Uwezo huo haukui kwa kuusomea. Unakua kwa kukaa na tatizo ambalo linakataa kulegea, mpaka ujue kwa ndani tofauti ya wakati ulipokuwa unabahatisha na wakati ulipoona.

Sidai kwamba The Talos Principle imethibitisha kuwa mashine inaweza kuwa mtu. Haijathibitisha, na gemu haiwezi. Ilichofanya ni kuchukua vipimo viwili ambavyo tumezoea kuviwekea mashine, je inaelewa inachofanya na je inaweza kukataa inachoambiwa, ikavigeuza vimkabili binadamu aliyeshika kitufe. Mchezaji anayenakili majibu yote kutoka kwenye video, kisha akaingia lango la milele kwa sababu sauti ilimwambia aingie, atakuwa ameimaliza gemu nzima bila kutimiza hata kimoja, ingawa ana damu mwilini na mapigo ya moyo. Basi kabla ya kubishana kama roboti zinastahili kuitwa watu, inafaa tukiri kwamba huo mtihani tunaozitungia hata sisi tunaweza kuufeli, na tunaufeli kila tunapokubali jibu ambalo hatuwezi kulieleza.